308 iliyosahauliwa: kisa cha nginx kabla ya toleo 1.13.0

Kisa hiki ni cha nginx, programu ya seva ya wavuti, na 308, namba ya jibu la HTTP inayomwambia mteja kwamba anwani imehama kwa kudumu. Mstari wenyewe wa usanidi ni huu, na kwa macho hauna kasoro:

```
location = /v1/malipo {
    return 308 https://api.example.org/v2/malipo;
}
```

Kwenye nginx ya leo unafanya kazi bila neno. Kwenye nginx 1.12.2 mambo ni mengine. Ukiendesha `nginx -t` unaambiwa usanidi uko sawa, seva inapakia upya bila kunung'unika, kisha mteja (kivinjari au programu inayotuma ombi) anayegonga `/v1/malipo` anapokea jibu la namna hii:

```
HTTP/1.1 308 
Server: nginx/1.12.2
Content-Type: application/octet-stream
Content-Length: 33

https://api.example.org/v2/malipo
```

Heda (mstari wa maelezo unaotangulia mwili wa jibu) ya `Location` haipo. Anwani mpya, ambayo ilitakiwa kukaa kwenye heda hiyo, imetumwa kama maandishi ndani ya mwili wa jibu, herufi 33, na imepachikwa aina ya `application/octet-stream` kana kwamba ni faili la kupakua. Mteja ameambiwa "hama kwa kudumu" bila kuambiwa ahamie wapi. Ukiangalia kwa makini utaona pia kwamba baada ya 308 pana nafasi tupu: seva haijui hata jina la namba iliyoituma.

Kilichonivutia kwenye kisa hiki si udogo wa kosa. Ni kwamba kosa hilohilo moja, yaani namba moja kukosekana kwenye orodha, lilitoa dalili tatu zisizofanana hata kidogo kutegemea umeingilia mlango upi, na hakuna hata moja iliyopiga kelele.

Kwa nini mtu aitake 308

Kwa kurasa za kawaida za kusomwa, 301, namba ya zamani ya kuhama kwa kudumu, inatosha, na aliyezoea 301 ana haki ya kuuliza kelele zote hizi ni za nini. Jibu liko kwenye POST, yaani ombi linalobeba data kwenye mwili wake, tofauti na GET ambayo huomba tu kusoma.

Vivinjari vya mwanzo vilikuwa na tabia mbaya. Vikitumwa fomu kwa POST, seva ikajibu 301 au 302 (ya kuhama kwa muda), vyenyewe viliomba anwani mpya kwa GET na kuutupa mwili wa ombi. Waraka wa HTTP/1.0 wa mwaka 1996, RFC 1945, uliiona tabia hiyo na kuiita kosa. Lakini wavuti ilikuwa imeshajengwa juu ya kosa hilo, na huwezi kung'oa msingi watu wakiwa ndani ya nyumba. Suluhisho likawa kuongeza namba. 303 ilikuja kusema wazi kwamba "nenda kule kwa GET", na RFC 2616 ya Juni 1999 ikaleta 307: nenda kule kwa muda, na ombi lako usilibadilishe.

Kwa hiyo kuhama kwa muda kulipata namba mbili zisizo na utata. Kuhama kwa kudumu kukabaki na 301 peke yake, na utata wake. Pengo hilo lilikaa miaka 15. Juni 2014 ikatoka RFC 7238 iliyoitambulisha 308 kama jaribio, na Aprili 2015 RFC 7538 ikaiingiza kwenye njia ya viwango. 308 ni pacha wa 307 upande wa kudumu: POST inabaki POST, mwili unabaki mwili.

Chukua mfumo unaopokea taarifa za malipo ya simu. Kila malipo yakikamilika, mtoa huduma anatuma POST yenye kiasi, namba ya muamala na muda. Siku moja unahamisha anwani hiyo, unaweka 301. Mteja anayefuata uelekezaji kwa desturi ya kale atafika kwenye anwani mpya mikono mitupu: GET, bila kiasi, bila namba ya muamala. Programu yako itajibu 405 (aina hiyo ya ombi hairuhusiwi), au vibaya zaidi itajibu 200 (mambo ni sawa) na ukurasa wa kukaribisha wageni. Malipo yamefanyika, lakini kwenye vitabu vyako hayapo. (Wateja wengine wa aina hii hawafuati uelekezaji wa aina yoyote. Kwao hata 308 iliyo sahihi haisaidii, na dawa pekee ni kuwapa anwani mpya.) Mtu mwenye mfumo kama huo alikuwa na sababu nzuri ya kusoma RFC 7538 na kuandika `return 308`. Na hapo ndipo alipokwama.

Mlango wa kwanza: return

Amri ya `return` ya nginx ina sura mbili. Ukiipa namba ya uelekezaji, neno linalofuata ni anwani. Ukiipa namba nyingine yoyote, neno linalofuata ni maandishi ya kumtumia mteja, kama vile `return 200 "niko hai"` ambayo wengi wetu tunaitumia kupima kama seva inapumua. Neno ni lilelile, mahali ni palepale, maana inaamuliwa na namba iliyotangulia.

Swali basi ni nani anayeamua kwamba namba fulani ni ya uelekezaji. Si yule anayesoma faili la usanidi. Huyo anakagua tu kwamba umeandika namba isiyozidi 999, ndiyo maana `nginx -t` inapita. Anayeamua ni funksheni `ngx_http_send_response` wakati ombi limeshafika, na anaamua kwa kulinganisha na namba zilizotajwa moja moja: ni 301? ni 302? ni 303? ni 307? Kama ndiyo, maandishi yanawekwa kwenye `Location`. Kama sivyo, maandishi ni mwili wa jibu.

308 haikuwemo. Ikaangukia upande wa "sivyo", ikatendewa kama 200.

Hapa naona kosa la muundo kuliko la usahaulifu. Kiwango kinasema mteja asiyeijua namba fulani ya 3xx aichukulie kama 300, yaani familia ya namba inajulikana hata kama mwanafamilia hajulikani. nginx haikuuliza familia. Iliuliza majina.

Ubaya wa dalili hii ni jinsi inavyojificha. Kwenye kumbukumbu za ufikiaji unaona 308, namba uliyoitaka. curl ni zana ya kutuma maombi ya HTTP, na `-L` inaiambia ifuate uelekezaji; `curl -L` isipopata `Location` haina pa kwenda, kwa hiyo inachapisha mwili na kutoka na sifuri, ishara ya mafanikio. Hata ukiongeza `-f` haibadiliki kitu, maana `-f` inaanza kulalamika kwenye 400. Skripti yako ya ukaguzi itasema kila kitu ni shwari.

Mlango wa pili: error_page

Wengine hawakupitia `return`. Ukiwa na bandari ya HTTPS halafu mtu akaigonga kwa HTTP ya wazi, nginx ina namba yake ya ndani kwa tukio hilo, 497, na unaweza kuipa njia:

```
error_page 497 =308 https://$host:8443$request_uri;
```

Kwenye matoleo ya zamani jibu lake lina `Location`, na `Location` ni sahihi. Ila namba inayotoka ni 302.

Sababu ni orodha ileile ya majina, safari hii kwenye `ngx_http_special_response.c`, lakini iliyoandikwa kwa mantiki ya kinyume. Pale inasemwa: kama namba uliyoitaka si 301, wala 302, wala 303, wala 307, basi weka 302. Ni ukarimu wa mwandishi aliyetaka kumlinda msimamizi asitume, kwa mfano, 404 yenye `Location`. Kwa 308 ukarimu huo ukawa uongo. Umeomba kuhama kwa kudumu na POST ibaki, umepewa kuhama kwa muda na POST igeuzwe GET: kila ulichokitaka kimepinduliwa.

Weka milango miwili pamoja uone ajabu yake. Kwa kwanza namba ni sahihi na anwani imepotea. Kwa pili anwani ni sahihi na namba imepotea. Wasimamizi wawili wakikaa meza moja kuelezana tatizo la "308 haifanyi kazi kwenye nginx" hawataelewana, kila mmoja atadhani mwenzake amekosea kusoma majibu.

Na angekuwepo wa tatu angewachanganya zaidi, kwa kusema kwake inafanya kazi. Huyu programu yake iko nyuma ya nginx, na ni programu yenyewe inayotoa 308 na `Location`. nginx ikiwa wakala tu inapitisha jibu la nyuma kama lilivyo, mpaka jina la namba. Ambaye hakuandika 308 kwenye faili la nginx hakuliona kosa. Isipokuwa kwenye mlango wa tatu.

Mlango wa tatu, ambao wengi hawakuugusa

`add_header` haiongezi heda kwenye kila jibu. Ina orodha yake, ambayo kabla ya 1.13.0 ilikuwa hii: 200, 201, 204, 206, 301, 302, 303, 304, 307. Jibu lenye namba nyingine linapita bila heda uliyoiandika, labda uweke neno `always`, lililoanza toleo 1.7.5. Amri ya `expires` nayo inafuata orodha hiyohiyo.

Kwa hiyo jamaa yetu wa tatu, mwenye 308 inayofanya kazi, alikuwa akikosa `Strict-Transport-Security` yake (heda inayokiamuru kivinjari kitumie HTTPS tu) kwenye majibu hayo, pamoja na heda nyingine zozote alizoziweka bila `always`. Hakuna kilichovunjika, na bila shaka wengi hawakujua. Lakini ndilo jibu ambalo lingehitaji heda hiyo zaidi, maana ndilo linalompokea mgeni mlangoni.

Orodha hii ndiyo pia iliyomnasa aliyetaka kuponya mlango wa kwanza kwa mkono. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuandika `Location` mwenyewe:

```
add_header Location https://api.example.org/v2/malipo;
return 308;
```

Haifanyi kazi, kwa sababu `add_header` nayo haiijui 308. Ukiongeza `always` mwishoni mwa mstari wa kwanza inafanya kazi. Kama kuna mtu bado amefungwa kwenye seva ya kale isiyoguswa, hiyo ndiyo njia.

Kiraka

Toleo 1.13.0 lilitoka tarehe 25 Aprili 2017, na kwenye orodha ya mabadiliko yake 308 imeandikwa kama kipengele kipya cha `return` na `error_page`, haikuandikwa kama marekebisho ya kosa. Unaweza kubishana na mpangilio huo. Upande wa watunzaji, hakuna nyaraka zilizowahi kuahidi 308. Upande wangu, programu inayopokea `=308` na kutuma 302 bila onyo ina kosa, hata kama nyaraka hazikuahidi kitu.

Kazi yenyewe ni ndogo kwa mistari. Namba inapewa jina, `NGX_HTTP_PERMANENT_REDIRECT`, kisha inaongezwa kwenye kila orodha iliyotajwa hapo juu. Ukiisoma haraka utadhani hata mwanafunzi wa wiki ya pili angeiandika. Sehemu inayohitaji utulivu ni nyingine: safu za majina.

nginx haihifadhi majina ya namba kwenye kamusi. Inayahifadhi kwenye safu moja ndefu, zinaanza 2xx, zinafuata 3xx, kisha 4xx na 5xx, na nafasi ya kila jina inapatikana kwa hesabu. Mwisho wa kila familia pana makro inayosema familia imeishia wapi, na familia inayofuata inaanza kuhesabu kutoka hapo. Kabla ya kiraka, mwisho wa 3xx ulikuwa hivi:

```
    ngx_string("307 Temporary Redirect"),

#define NGX_HTTP_LAST_3XX  308
```

Baada yake:

```
    ngx_string("307 Temporary Redirect"),
    ngx_string("308 Permanent Redirect"),

#define NGX_HTTP_LAST_3XX  309
```

Sasa fikiria umeongeza mstari wa 308 ukasahau kubadilisha makro. Programu inakusanywa bila onyo, kwa sababu kwa kikusanyaji (compiler) hakuna kosa. Ila hesabu ya familia zote zinazofuata imerudi nyuma hatua moja. Ukurasa usiopatikana, 404, utatoka kwa mteja ukiwa `403 Forbidden`, kwa kuwa namba inayotumwa ni sehemu ya maandishi yaliyo kwenye safu. 502 itatoka kama 501. Na ombi bovu lililostahili 400 litajibiwa `308 Permanent Redirect`. Mtu aliyetaka kuongeza namba moja angeharibu zote zilizo juu yake. Na ukisahau mstari wa jina lakini ukaongeza makro, unapata lilelile upande wa pili.

Safu kama hiyo iko sehemu mbili: moja ya majina kwenye `ngx_http_header_filter_module.c`, nyingine ya kurasa fupi za HTML kwenye `ngx_http_special_response.c`, kila moja na makro zake. Kwa hiyo ukipima kiraka cha aina hii, kupima 308 peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima 400, 404, 500 na 502, namba ambazo hukuzigusa kabisa.

Kuna jambo moja ambalo kiraka hakikufanya: hakikuunganisha orodha. Ningekuwa mkaguzi ningeuliza kwa nini isiwepo funksheni moja inayojibu "je, hii ni ya uelekezaji?" na wote waiulize hiyo. Hasa kwa sababu hili halikuwa mara ya kwanza. 307, iliyozaliwa 1999, ilitambuliwa na nginx kuwa ya uelekezaji kwenye 1.1.16 na 1.0.13, mwanzoni mwa 2012, kwa njia ileile, mlango kwa mlango. Miaka mitano baadaye mtu mwingine akapita njia ileile na sindano na uzi. Hata hivyo naelewa kwa nini hawakufanya. Orodha hizi hazifanani: ya `add_header` ina 200 na 304 ndani yake, na ya `error_page` inauliza kwa kinyume. Na familia ya 3xx haielekei kuzaa mtoto mwingine hivi karibuni. Kiraka kifupi kinachofuata mtindo uliopo kinasomeka kwa dakika tano, na mradi wenye watumiaji wengi hivi unathamini dakika hizo tano kuliko uzuri wa msimbo.

Waliobaki nyuma

Tofauti kati ya 307 na 308 iko kwenye namba za matoleo, na wasomaji wengi wa nyaraka huipita. 307 ilirudishwa hadi kwenye tawi imara la wakati huo, 1.0. 308 haikurudishwa. Tawi imara 1.12 lilianza tarehe 12 Aprili 2017, siku 13 kabla ya 1.13.0, likaendelea kuwa tawi linalopendekezwa kwa mwaka mzima. Toleo 1.12.1 na 1.12.2 yote yalitoka baada ya 308 kuwepo, na yote hayanayo. Tawi imara la kwanza kuwa nayo ni 1.14.0, Aprili 2018.

Halafu kuna Debian, mfumo wa uendeshaji wa Linux. Debian 9 ilitolewa Juni 2017, miezi miwili baada ya kiraka, ikiwa na nginx 1.10.3. Kwa sera ya Debian, toleo likishatoka linapata marekebisho ya usalama, halipati vipengele vipya. Hapo ndipo lile neno "kipengele" kwenye orodha ya mabadiliko lilipogharimu. Mtu aliyeweka Debian 9 mpya kabisa mwaka 2019, akaandika `return 308`, alipata anwani kwenye mwili wa jibu. Ubuntu 18.04 ilikuja na 1.14.0, na Debian 10 na 1.14.2, na kwa hao kisa kimefungwa.

Ukitaka kujua uko upande gani wa mpaka, usiamini namba ya toleo peke yake, maana kati yako na mteja huenda kuna seva mbili tatu. Piga ombi:

```
curl -si -d 'a=1' http://localhost/v1/malipo
```

Tafuta vitu vitatu: namba, jina la namba, na `Location`. Jina likiwa tupu, huenda jibu limetungwa na nginx ya kabla ya 1.13.0. Kisha rudia na `-L` uone ombi la pili linafika vipi kwenye programu. Na hapa kuna mtego wa curl wenyewe: usiandike `-X POST`. Ukiandika hivyo unailazimisha curl iseme POST kwenye kila ombi la mnyororo, hata baada ya 301, ingawa mwili umeshatupwa njiani. Kwenye kumbukumbu utaona POST mbili, utadhani 301 inakutosha. `-d` peke yake inatosha kuifanya POST, na inaiacha curl ifuate kanuni.

Kabla ya kuweka 308 kwenye seva inayotumika, nimezoea kuanza na 307 kwa siku chache. Zinamtendea mteja sawa kuhusu POST, lakini 308 ni jibu ambalo kivinjari kinaruhusiwa kulikumbuka bila kuambiwa, na anwani iliyokosewa ikishakaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari cha mtu mwingine huna mkono wa kuifikia. Ukiridhika, badilisha namba moja, endesha `nginx -t`, na usiishie hapo: piga tena ile curl.